Mwaka Luhende Alipofuga Sisimizi

Jino langu la nyuma, la upande wa kushoto, nililiacha Maganzo, kando ya barabara, mbele ya kibanda cha mtu aliyekuwa akiuza chumvi na vibiriti na kung'oa meno kwa koleo. Wakati ule Maganzo kila kijana alikuwa anachekecha changarawe akitafuta almasi. Nami nilikwenda kutafuta kama wenzangu, nikapata jino bovu. Shavu lilivimba mpaka jicho likawa dogo. Yule mwenye koleo akanikalisha juu ya debe, akasema, "Nitafutie mtu wa kukushika kichwa, mimi mikono ninayo miwili tu." Sikuwa na mtu. Akapita kijana mmoja wa kijijini kwetu, namjua kwa sura tu, kabeba karanga kwenye kapu. Akaitwa, akatua kapu lake, akanikaba kichwa kifuani na kunitia kidole gumba mdomoni ili nisifunge taya. Koleo lilipogusa jino nilifunga taya. Nilikiuma kidole kile mpaka nikasikia mfupa. Hakupiga kelele wala hakuniachia. Jino lilipotoka akakiangalia kidole chake, akamuuliza yule fundi, "Limetoka lote?" Fundi akasema lote. Akajitwisha kapu lake la karanga akaenda zake, damu inadondoka njia nzima. Huyo ndiye Luhende. Baadaye nilimwoa dada yake, Milembe, lakini habari za ndoa nikizianza hapa hatutafika.

Nimelikumbuka jino hilo kwa sababu tumetoka kumzika Luhende, kule Chato, alikoishi mpaka uzee wake na kuoa na kuzaa na kujenga nyumba ya bati. Mimi na Milembe tulipanda basi kutoka huku Kishapu, tukabadilisha Geita, tukafika maiti bado iko ndani. Baada ya mazishi tulikaa chumba cha uani, chumba chenye nyavu kuukuu zimekunjwa pembeni na harufu ya dagaa, tukaletewa ugali wa muhogo na sato. Mimi ugali wa muhogo unanishinda, unanivuta kama ulimbo, lakini msibani huchagui. Basi binti mkubwa wa Luhende akaja akapiga magoti, akamwambia mke wangu, "Shangazi, baba ng'ombe zake alizipenda, Kisukuma hakukiacha, hata michembe, viazi vyetu vikavu, alitaka iletwe kutoka kwenu. Kwa nini hakurudi hata siku moja? Tulipomuuliza alikuwa anatoka nje." Milembe akafunga uso kwa khanga. "Muulize huyu," akasema. "Mimi nikianza nitalia." Nami nikamsimulia binti yule mpaka sato akapoa. Darasani niliishia la pili, sijui kupanga maneno kama watu wa vitabu, lakini niliyomwambia ndiyo haya nayaweka hapa.

Zamani, ukija kijijini kwetu wakati wa pamba, harufu ya dawa ilikupokea kabla hujaona nyumba. Kila kaya ilikuwa na bomba la kupulizia limetundikwa ukutani kama kibuyu cha maziwa. Tulipuliza pamba dhidi ya funza wa vitumba, na dawa ikibaki tunapuliza kitanda kwa ajili ya kunguni, ikibaki tena tunapaka mbwa, ikibaki tena tunanyunyizia choroko za akiba. Tulipuliza vifua wazi, upepo unaturudishia usoni, jioni kichwa kinagonga, tunakunywa maziwa eti yavunje sumu. Na funza walizidi. Ulipuliza mara moja wakafa, mwaka wa pili mara tatu, halafu ikawa kama unawanywesha uji. Ndipo ikaja kampuni ya kununua pamba isiyopuliziwa, ikamleta bibi shamba, binti mwembamba anaendesha pikipiki, jambo ambalo peke yake lilitosha kukusanya watu. Mkutano ulikuwa nyumbani kwa Mzee Ng'wandu, mwenyekiti wetu wa kikundi na mkubwa wa sungusungu pia, walinzi wetu wa jadi, mtu wa ng'ombe wengi na maneno machache. Bibi shamba akasema tupande alizeti katikati ya pamba, mstari hapa na mstari pale. Kipepeo wa funza ataipenda alizeti kwanza, atataga humo. Na alizeti ina utamu unaowaita sisimizi, na wale wadudu wekundu wenye madoa meusi, mviringo kama nusu ya choroko, nao watakula mayai na funza wachanga.

Mzee Ng'wandu akamwangalia. "Binti, unataka shamba langu nimkabidhi sisimizi?"

"Ndiyo, baba."

"Na sisimizi akila pamba?"

"Hali pamba, baba. Anakula anayekula pamba. Nyie mkipuliza mnaua mbwa na mwizi pamoja. Halafu mwizi anarudi, mbwa harudi."

Watu wakacheka, lakini lile neno la mbwa liliingia. Tukakubali. Sharti lilikuwa moja na lilikuwa kali: miaka mitatu bila dawa, na shamba moja likipulizwa, pamba ya kijiji kizima inakataliwa, tunaanza upya. Mwaka ninaousimulia ulikuwa ule wa tatu, wa kumalizia.

Ule mwaka hakuna aliyelala vizuri. Mvua ilikuja ikakatika, ikaja tena. Majirani wa kijiji cha pili, wenye mabomba yao, walikuwa wanatupita njiani wanatuuliza, "Vipi, sisimizi wamelipwa?" Tulitazamana. Ukimwona mwenzako anakwenda shambani asubuhi sana, unajiuliza kabeba nini. Mwanamke akinunua dawa ya kupaka mbwa sokoni, habari inafika nyumbani kabla yake. Mzee Ng'wandu alipitisha amri mabomba yote yapelekwe kwake, yakarundikwa kwenye kihenge kitupu. Na katika wasiwasi wote huo mtu mmoja alikuwa na furaha, naye ni Luhende. Alikuwa hajaoa, posa yake ilikuwa imepokelewa kijiji cha jirani, mahari ingetoka kwenye pamba hiyo. Shamba lake lilikuwa dogo, ng'ombe hana hata mmoja, lakini alizeti zake! Alikuwa akila dagaa anaweka vichwa, anakwenda kuvitawanya chini ya mashina ili sisimizi wasihame. Nilimkuta amechutama huko, mdomo wazi kama mtu anayetazama ngoma. "Shemeji, njoo uone," akaniita. "Wamemkamata." Sisimizi walikuwa wanamburuta funza mzima, anajipinda, wanamteremsha shina kama watu wanaoteremsha jeneza. Watu wakamwita Bwana Sisimizi. Mimi mwenyewe nilimtania, "Shemeji, utalipa mahari kwa sisimizi?" Akasema, "Wakikubali kuhesabika."

Sasa lazima nieleze jambo la josho, msinikatize. Huku kwetu siku ya josho ng'ombe wote wanapelekwa asubuhi kuogeshwa dawa ya kupe. Wanatumbukia kwenye ule mtaro wa dawa, wanatokea upande wa pili wanachuruzika. Siku hiyo mwenye ng'ombe hafanyi palizi kwake, maana asubuhi yote imepotea joshoni. Kwa hiyo siku hiyo ndiyo anayomwazimisha maksai yule asiye na ng'ombe. Ni wema, hakuna anayelipishwa. Imekuwa hivyo tangu nazaliwa, maskini wa kijiji wanapalilia siku ya josho. Luhende aliazimwa maksai wa Mzee Ng'wandu, wakaletwa shambani moja kwa moja kutoka joshoni, akapalilia kutwa, jioni akawarudisha na kusema wabeja, yaani asante. Hakuna aliyewaza lolote. Tuliambiwa tusipulize pamba, hatukupuliza pamba. Ng'ombe nani angemhesabu? Ng'ombe kwetu ni mtu wa nyumbani.

Siku chache baadaye bibi shamba akaja kukagua. Mimi nilikuwa shamba langu, linapakana na la Luhende, nikasikia pikipiki imezimwa. Nikaenda. Nikamkuta amepiga magoti chini ya alizeti, kiganjani ana sisimizi weusi wamekauka kama mbegu za ulezi. Chini walikuwa wamelala mistari kwa mistari. Kwenye majani ya pamba funza walikuwa wanatembea wanavyotaka. Akanusa udongo, akanusa tena. "Hii ni dawa," akasema, sauti imemtoka nyembamba. "Nani amepuliza hapa?" Luhende alikuwa amesimama nyuma yake, mikono imelegea. Alikuwa anawatazama sisimizi wake kama mtu aliyekuta zizi limefunguliwa.

Jioni ileile tukaitwa dagashida, mkutano wetu wa jadi, ule ambao mwanamume hakosi. Tulikaa chini, Mzee Ng'wandu juu ya kigoda, na sungusungu walikuwa wameshapita nyumbani kwa Luhende kupekua. Wakatoa bomba. Bomba kuukuu la marehemu baba yake, limetobolewa tumbo, alikuwa anawekea mbegu za mtama ndani. Lakini lilikuwa bomba, na halikupelekwa kihengeni, na ukilinusa linanuka.

"Hili ni nini?" Mzee akauliza.

"Ni la kuwekea mbegu, baba."

"Tuliagiza mabomba yaletwe."

"Hilo halipulizi. Lina tundu."

"Tundu linaweza kutobolewa leo!" mtu mmoja akapaza sauti nyuma. Wakaguna wote. Mtu akiwa na hofu ya kupoteza jasho la miaka mitatu, masikio yake yanakuwa madogo. Mzee Ng'wandu akainua mkono. Akasema, kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, nataka binti yule wa Luhende ajue hivyo, "Kijana, funza wamekutisha, umepuliza kidogo. Sema tu. Utatoa dume mmoja kama faini, hata wa kukopa, tutakula pamoja, tutamwomba bibi shamba atenge shamba lako peke yake. Imekwisha."

"Sikupuliza," Luhende akasema.

"Utalipa?"

"Nikilipa nitakuwa nimepuliza. Sikupuliza."

Mimi nilisimama. Nilisema shemeji yangu namfahamu, mtu anayewapa sisimizi vichwa vya dagaa hawezi kuwaua. Wakanicheka. "Kaa chini, wewe umeoa kwao." Nikakaa. Bibi shamba aliomba siku za kufikiri, akasema kabla ya kupeleka taarifa kwa kampuni atarudi akague mashamba yote. Kwa hiyo roho ya kila mtu ilikuwa inaning'inia, na Luhende ndiye kamba. Asiyelipa faini hutengwa. Akatengwa.

Nisikudanganye kuhusu kutengwa. Wengine wanadhani ni kununiwa tu. Mtu aliyetengwa hasalimiwi, haombi moto, kisimani akifika wengine wanainua ndoo wanaondoka, akiugua hauguzwi, akifiwa anazika mwenyewe. Na anayemsemesha anatengwa naye. Nilikuwa napishana naye mpakani mwa mashamba yetu, yeye na jembe, mimi na jembe, nasikia pumzi zake. Macho nayaweka kwenye vidole vya miguu yangu. Nyumbani ugali ulikuwa haushuki. Milembe anaupika, anaugawa, halafu anakaa na mkono shavuni. Nyumba yetu ilikuwa na chumba kimoja cha kulala na sebule iliyojaa majembe na vifaranga, na katika sebule ile tulikuwa tunanong'ona kama wezi. "Kaka yangu anakula nini?" ananiuliza. "Chumvi anaitoa wapi?"

Mwanamke ni mwanamke. Siku moja nikamsikia nje anasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "We mbuzi! We mbuzi mpumbavu! Nimekuwekea matobolwa nyuma ya kile kichuguu, na chumvi, usiache mbwa ale!" Nikatoka. Mbuzi amefungwa kwenye mti, anacheua, hana habari. Luhende anapita njiani na ndoo, hakugeuka. Jioni yale matobolwa, yaani viazi vikavu vya kuchemsha, hayakuwepo nyuma ya kichuguu, na bakuli limeoshwa. Tangu hapo mke wangu akawa anaongea na mbuzi kila siku. Mzee mmoja wa sungusungu akaja kumuuliza, akimwita mayo, yaani mama, kwa heshima. "Mayo Milembe, nasikia unamsemesha aliyetengwa."

"Mimi? Mimi naongea na mbuzi wangu. Au mbuzi naye katengwa?"

"Mbuzi anakula chumvi?"

"Wa kwako hali?"

Akaondoka anatikisa kichwa. Lakini kuna habari ambayo hata mbuzi hakuambiwa. Wale wa kijiji cha jirani, wa kule kwa mchumba, walisikia kwamba mkwe wao katengwa. Posa ikarudishwa. Haukupita muda yule binti akaolewa na mwingine, ngoma ikapigwa, na upepo ule wa jioni ukaileta ngoma yote kijijini kwetu. Luhende alikuwa shambani anaokota funza kwa mkono, mmoja mmoja, anawatia kwenye kopo, kwa kuwa wa kumsaidia walikuwa wamekufa. Nilimwona. Hakusimama hata kidogo kuisikiliza.

Sasa tulikuwa na mama mmoja mjane, Mama Sayi, mdomo wake una makali kuliko shoka. Hana ng'ombe naye, kwa hiyo hupanda mwisho na hupalilia mwisho. Siku ya josho akaletewa maksai walewale wa Mzee Ng'wandu, na kwa sababu watoto walikuwa joshoni bado, Mzee mwenyewe aliwaongoza. Wakapalilia. Asubuhi ya pili Mama Sayi akaenda shambani, na kelele zake tulizisikia wote. Tulikimbia tukidhani nyoka. Tukamkuta amesimama katikati ya alizeti, mikono kiunoni, na chini sisimizi wamelala mistari kwa mistari.

"Haya!" akatuambia. "Njooni mnitenge! Bomba langu mtalitafuta wapi, chini ya gauni?"

Hakuna aliyecheka. Mzee Ng'wandu akaja, akainama, akatazama. Wale sisimizi hawakufa shamba zima. Walikufa pale tu zilipopita kwato, mstari mmoja kila upande, kama mtu aliyemwaga maji akitembea. Mama Sayi akatoka shambani, akaenda mpaka zizini kwa Mzee, sote nyuma yake. Akampapasa dume mmoja mgongoni, kwenye manyoya mazito pale nira inapokaa, akavuta mkono, akanusa, akamsogezea Mzee puani. "Shikamoo baba," akasema, "hebu nusa wema wako."

Mzee alinusa. Nimeona watu wakipokea habari za kifo wana uso mzuri kuliko ule. Akakaa chini pale pale, kwenye samadi.

Bibi shamba aliitwa, akaelewa kabla hatujamaliza. Akasema angekuwa mwepesi wa kupeleka taarifa siku ile ya kwanza tungekuwa tumeshapotea wote, na hata yeye josho hakuliwaza. Kwa kuwa hakuna aliyepuliza, kampuni ikakubali mashamba mawili yatengwe, la Luhende na la Mama Sayi, pamba yao inunuliwe kama ya kawaida. Kijiji kikapona. Ikawekwa sheria kwamba ng'ombe aliyetoka joshoni haingii kwenye pamba mpaka akauke kabisa na siku zipite, na mpaka leo wajukuu zangu wanaifuata bila kujua ilitoka wapi. Na wenye maksai sasa wanaazimisha siku nyingine, siku nzuri, maana ile ya josho haifai.

Ikabaki kumrudisha Luhende. Kwetu mtu aliyeonewa harudishwi kwa maneno. Mzee Ng'wandu alitoa dume lake mwenyewe, mmoja wa wale maksai, na kondoo wa kusafisha, akawaleta mpaka nyumbani kwa Luhende, kijiji kizima nyuma yake. Ilikuwa asubuhi ya mawingu, pamba vitumba vimejaa bado havijapasuka. Tukachinja uani kwake. Tukakaa. Desturi ni kwamba aliyeonewa anapewa ini, anakula kwanza, na akishameza neno limekufa, hakuna wa kulitaja tena. Kabla yake hakuna anayegusa nyama.

Luhende alitoka ndani. Alikuwa amekonda, amenyoa, amevaa shati lake la Jumapili. Akatusalimia mmoja mmoja, hakuruka mtu, wakubwa shikamoo, wadogo mwangaluka, hata yule aliyepiga kelele za tundu. Kumsikia akisalimia, na sisi kumwitikia, wengine walitokwa machozi. Alipofika kwa Mzee Ng'wandu akapiga goti. "Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Tulikukosea. Mimi nilikukosea."

"Nimesikia, baba."

Milembe akamletea maji. Akanawa mikono, akanawa vizuri, kidole kwa kidole. Mzee akainua ini kwenye sinia kwa mikono miwili, akamnyooshea. Luhende akalitazama. Akajifuta mikono kwenye suruali, akasimama, akasema, "Hodini," kama mtu anayeomba wageni wampishe, akapita katikati yetu. Akakatisha shamba lake, akapita kwenye alizeti akizisogeza kwa mkono zisivunjike, akashika njia inayotokea Maganzo.

Tukadhani amekwenda haja. Mzee Ng'wandu akasema nyama isiguswe, tumsubiri. Akabaki ameshika sinia, hataki kuiweka chini kwa kuwa ikiwekwa ni mkosi. Tukasubiri. Mafuta yakaanza kuganda. Nzi wakaja. Mtu akasema labda tumbo linamsumbua, kakaa na njaa muda mrefu. Mwingine akasema tumtume mtoto akamwangalie.

"Msimtume mtoto," Milembe akasema. Alikuwa ameshika bado kile kikombe cha maji ya kunawa. "Hamkumtazama miguuni? Amevaa viatu vya safari."